Jiwe Lisilo na Simiti

Wiki iliyopita Mutinda, fundi niliyemwachia kazi, alinipigia simu kutoka Kivaa, sauti imejaa furaha.

"Mzee, kazi imeisha," akasema. "Huo ufa nimeziba. Halafu kulikuwa na jiwe moja linacheza, nikaliwekea simiti. Saa hii hata ukija huwezi jua lilikuwa limelegea."

Nikamuuliza ni jiwe gani. Akasema ni lile la mkono wa kushoto wa dohani, juu, pale mama wa nyumba akinyoosha mkono anafika. Nikamshukuru, nikaweka simu mezani, nikaitazama mpaka mke wangu Mwende akauliza ni nani amekufa.

Hajafa mtu. Ila jiwe hilo nililiacha bila simiti mimi mwenyewe, kwa makusudi, na kuna mbegu za watu zinazolitegemea. Kosa si la Mutinda. Nilimtuma akazibe ufa bila kumweleza habari za jiwe, kwa sababu jambo nililolijua kwa miaka mingi huwa nasahau kwamba wengine hawalijui. Kwa hiyo naandika. Namwandikia Mutinda, na ninyi nyote mliobaki na kazi hii wakati mimi nimebaki na kiti.

Fundi hapewi barua ya kustaafu. Mimi goti la kulia ndilo lililoniandikia. Siku moja mwaka jana nilipanda ngazi huko Kangundo nikashindwa kushuka, na wenye nyumba wakalazimika kuniletea chai juu ya paa wakati wakitafuta wanaume wa kunishusha. Nilipofika chini nikampa Mutinda timazi yangu ya kunyooshea ukuta, nikarudi kwangu Kola. Kuhusu malipo sina la kusema. Waliolipa wanajijua na wasiolipa wanajijua vizuri zaidi.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini kwa Fundi Salimu, Machakos mjini. Babu yake alitoka pwani zamani akafungua duka, na familia ikabaki. Salimu alikuwa mtu mwembamba, kofia nyeupe hata akiwa kwenye vumbi, na Kiswahili chake kilinifanya niogope kufungua mdomo. Siku ya kwanza nilifika na nyundo mpya.

"Niko na nyundo, fundi," nikamwambia kwa majivuno.

"Nyundo unayo, mwanangu," akasema. "Leo hutaitumia."

Akanipa brashi ya kufulia na pipa la maji, akanionyesha lundo la mawe. Nilisugua mawe siku hiyo, na ya pili, na wiki nzima. Mgongo uliniuma na moyo uliniuma zaidi, kwa sababu nilikuwa nimewaambia watu wa nyumbani kwamba nimeenda kuwa fundi, na hapo nilikuwa dobi wa mawe. Wiki ya tatu jiwe moja lilibanduka ukutani lenyewe, usiku, likaanguka sakafuni. Asubuhi Salimu aliligeuza akanionyesha mgongo wake. Ulikuwa na vumbi jembamba kama unga. Nilikuwa nimeliosha uso tu.

"Uso huonwa na mgeni," akasema. "Simiti inashika mgongo."

Hapo nikaanza kusikiliza. Kazi yenyewe mnaijua, ila nitarudia, kwa maana siku hizi naona mnaruka hatua. Dohani hujengwa kwanza kwa matofali ya kuchoma. Juu ya matofali pigilia waya wa kuku, paka tabaka la kwanza la simiti, ulikwaruze likiwa bichi, uliache likauke. Ndipo uvishe mawe. Anzia kwenye pembe, zile zenye kuonekana pande mbili, ndipo ujaze katikati. Lowesha jiwe kabla ya kulipaka. Usipande zaidi ya mistari mitatu kwa siku, hata mwenye nyumba akikusimamia na saa mkononi, kwa sababu mawe mabichi yakibebeshwa mzigo huteleza yote pamoja. Nimeliona hilo mara moja. Tulikuwa tumesimama tunakunywa chai tukiusifu ukuta, na ukuta ukashuka mbele yetu taratibu mpaka chini.

Halafu mawe ya mto. Mwalimu mmoja mstaafu wa Kangundo alitaka meko yake yavishwe mawe laini ya mtoni, ya duara, aliyoyaona kwenye kalenda. Salimu alikuwa mgonjwa wiki hiyo na mimi nilikuwa na haraka ya kujionyesha, nikakubali. Jiwe la mto hubeba maji tumboni. Siku ya Krismasi, moto mkubwa, nyumba imejaa wageni, jiwe moja likapasuka na kipande kikarukia sufuria ya mchuzi. Hakuumia mtu. Baada ya sikukuu mwalimu alikuja mjini mwenyewe, kipande kile amekifunga kwenye leso bado kina mafuta, akakiweka mbele yangu, akaondoka bila kusema kitu. Nilibomoa uso wote nikauvisha upya kwa mawe ya mlimani.

Lakini somo la Salimu nililolidharau kuliko yote halikuhusu mawe. Alikuwa na sharti moja. Kabla ya kupima chochote jikoni kwa mtu, aliingia, akaomba kigoda, akakaa kwenye kona mpaka ugali uive. Hakuuliza maswali. Alimtazama anayepika: anageukia wapi, mlango anauacha wazi au anaufunga, kuni anaziweka mkono gani, akikohoa anakimbilia upande upi. Ugali ukiiva, anaaga. Vipimo vilikuwa vya kesho yake. Kwa muda mrefu niliamini hiyo ilikuwa mbinu ya kula bure, maana hakuna mama atakayemwacha mtu autazame ugali wake bila kumwekea sahani.

"Moshi humjua mpishi kuliko unavyomjua wewe," alikuwa akiniambia. "Kaa, utazame."

Nilikaa jikoni kwa watu wengi na nilikula sana. Jiko moja tu sikukaa, nalo ndilo nataka kuwaeleza.

Katikati ya miaka hiyo ya tisini Mwende alirudi kutoka kwao Kivaa, kuwaona wazazi, akiwa amenuna. Nilimuuliza kuna nini.

"Mama macho yamekuwa mekundu, yanatoka maji siku nzima," akasema. "Daktari amesema ni moshi. Na wewe unatengenezea watu chimni mpaka Kangundo."

Jumatatu iliyofuata nilikuwa Kivaa na matofali.

Sasa kwa wale ambao hamkulelewa Ukambani, au mlilelewa mjini mkasahau: mwanaume na mama mkwe wake wana nthoni, na kila mmoja ni muthoni wa mwenzake. Ni heshima yenye haya ndani yake. Hamtazamani usoni, hamsemi ana kwa ana, na jikoni kwake huingii akiwemo. Mimi nikifika getini nilikohoa kwa nguvu, yeye akatokea mlango wa nyuma akaenda kwa jirani yake Kalekye. Nikimwona kwa mbali njiani, mmoja wetu aliingia shambani mpaka mwingine apite. Tulikuwa tumeishi hivyo miaka sita kwa amani kabisa, na nilimpenda mama yule bila kuujua uso wake vizuri.

Kwa hiyo kukaa jikoni mpaka ugali uive hakukuwezekana. Nilipima yeye akiwa shambani. Maswali yangu yalipitia kwa Mwende.

"Muulize anataka meko yawe na kimo gani."

Mwende alienda, akarudi. "Anasema sawa tu."

"Muulize dohani ikae ukuta huu au ule."

"Anasema wewe ndiye fundi. Sawa tu."

Kila kitu kilikuwa sawa tu. Nami nikafurahi, nikadhani nina mteja mzuri kuliko wote. Mwende alisema plasta inatosha, lile ni jiko la kupikia si hoteli. Nilimwambia kwamba mama mkwe wa fundi wa mawe hawezi kupikia mbele ya plasta. Nilichagua mawe ya kijivu yenye mistari ya kahawia kutoka mlima wa huko huko, nikayachonga moja moja. Ilikuwa kazi yangu nzuri kuliko zote nilizofanya mpaka siku hiyo, na nilijua.

Juu ya mafiga yake ya zamani palikuwa na uchaga wa fito, mweusi tititi, unaning'inia kwenye paa, na juu yake mahindi yamefungwa kwa maganda yake mawili mawili, nayo meusi. Uchaga ulikuwa umekaa pale pale dohani inapopita. Niliung'oa. Nilimtengenezea rafu mpya ya mbao zilizopigwa randa kwenye ukuta wa mbali, nikayafuta masizi yale mahindi kwa kitambaa, moja moja, nikayapanga kwenye gunia safi. Nilitumia karibu saa nzima. Nawaambia hili ili mjue kwamba mtu anaweza kuharibu kwa bidii.

Siku ya kuwasha moto mama mkwe alikuwa ndani na mimi nilikuwa nje, nyuma ya nyumba. Moshi ulitoka juu ya dohani umenyooka, na jikoni haukubaki hata wa kumfanya mtu apepese jicho. Nikasikia vigelegele vya wanawake. Mwende alitoka akilia, akaniambia mama anasema Mungu anibariki. Nilirudi nyumbani nikijiona mkubwa.

Hiyo ilikuwa baada ya mavuno ya Februari. Mwezi wa tisa Mwende alienda kwao tena. Aliporudi alipika, akaosha vyombo, akafua, wala hakusema neno siku tatu. Siku ya nne nikamwambia aseme.

"Mama alinikataza," akasema.

"Sema tu."

"Fukusi wamekula mbegu. Karibu zote. Anafungua ganda, ni unga. Zilizobaki amezipeleka kwa Kalekye azitundike kwa moshi. Anashinda huko kila siku anazilinda, kwa sababu kuku wa Kalekye wanapanda mpaka darini."

"Anashinda kwenye moshi wa Kalekye?"

"Ndiyo. Macho yamerudi vile yalikuwa. Alisema, muthoni asiambiwe, ataona aibu."

Niliona aibu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Mahindi yale ni ya Kikamba, mafupi, punje nyeupe zenye madoa mekundu, yanayowahi kukomaa mvua ikiwa chache. Mama mkwe alipewa na mama yake alipoolewa. Miaka ya njaa, wakati watu walikula hata mbegu, yeye alilala njaa na yale mahindi yakiwa juu ya kichwa chake. Moshi ndio uliokuwa ukiyalinda, na mimi niliupeleka wote angani, halafu nikayafuta masizi. Mvua za kupandia zilikuwa zimebakiza wiki kama nne.

Nilipita kwanza kwa Salimu. Wakati huo alikuwa ameacha kazi, anakaa dukani kwa mwanawe akiuza misumari. Nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Ulikaa jikoni?"

"Ni mama mkwe wangu, fundi. Ningekaaje?"

Alifikiri, akaendelea kupima misumari ya mteja. "Basi hiyo dohani hukuijenga," akasema. "Uliibahatisha tu."

Kivaa nilifika na tindo, nyundo na kipande cha bati, bila kujua nitafanya nini hasa. Nilimwomba Mwende akae jikoni, mimi nikapanda juu ya paa kuchungulia dohani kutoka juu. Nilitaka kujua mwanga unafika wapi, ili nijue pa kutoboa. Nikainamisha kichwa kwenye tundu nikaita.

"Unaona mwanga hapo chini?"

Ikapanda sauti, si ya Mwende.

"Mwanga naona. Moshi ndio sioni."

Nilikaribia kuanguka. Mwende alikuwa ameenda kuchota maji, nami sikumwona akitoka. Nilikaa juu ya mabati yale ya moto, mikono imeshika ukingo wa dohani, nikifikiria kama ninyamaze au nishuke nikimbie. Miaka sita sijawahi kusema naye. Lakini simwoni, wala yeye hanioni. Katikati yetu palikuwa na matofali ya futi kumi na tano niliyoyapanga mwenyewe.

"Mwaitu," nikasema. Ni neno letu la kumwita mama. "Mbegu zimebaki ngapi?"

"Za kupanda kipande cha juu. Cha chini kitalala mwaka huu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia na mdomo gani? Wewe ni muthoni."

Tuliongea Kikamba, na hapa naandika kwa Kiswahili nikijua nakosa ladha. Akanieleza mwenyewe, pole pole, na nikamsikia akipanga kuni akisema. Moshi wa mbele, ule wa usoni, ndio uliokuwa ukimtesa. Moshi wa juu ulikuwa kazini. Hakuhitaji wote, wala hakuuhitaji daima. Baada ya mavuno unautaka mwingi mpaka mahindi yashike rangi, na baadaye kidogo tu, wakati wa kuchemsha githeri, mara mbili kwa wiki. Haya yote ningeyaona kwa macho yangu kama ningekaa kwenye kigoda kwa ugali mmoja.

"Nikikuachia jiwe moja ambalo unaweza kulitoa mwenyewe, moshi utoke hapo upande juu kwenye uchaga?" nikauliza.

"Na nikilirudisha?"

"Moshi unarudi angani."

Akasema, "Liwe mahali mkono wangu unafika. Nimekuwa mfupi."

"Mkono unafika wapi?"

"Nitakuonyesha. Kesho nitakuwa kwa Kalekye."

Asubuhi nilipoingia jikoni hapakuwa na mtu. Kwenye uso wa mawe, mkono wa kushoto, palikuwa na alama ya kiganja cha majivu, vidole vitano vimetandazwa, imebandikwa katikati ya jiwe moja lenye mstari wa kahawia. Chini yake majivu yalikuwa yamemwagika kidogo pale aliposimama akajinyoosha.

Nililitoa jiwe lile bila kulivunja, nikatoboa matofali nyuma yake mpaka ndani. Nikalichonga kidole cha kulishikia. Lakini tundu peke yake halitoshi, na hapa msikilize vizuri, kwa sababu dohani yenye afya huvuta hewa ya tundu kuingia ndani, haitoi moshi. Nikakata mwanya mwembamba juu kidogo ya tundu, nikapitisha kile kipande cha bati kama droo. Ukikisukuma ndani, njia ya juu inazibika nusu, na moshi unaelekea kwenye tundu. Ukikivuta, kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa. Halafu nikaufunga uchaga wake wa zamani juu ya tundu, fito zile zile nyeusi, ambazo nilizikuta nyuma ya nyumba hajazichoma.

Mvua ilikuja. Alipanda kipande cha juu, na mavuno yake yote aliyaweka mbegu, hakula hata hindi moja. Mwaka uliofuata alipanda vipande vyote viwili. Macho yalitulia. Na kila nilipokwenda Kivaa nilichukua ngazi nikapanda juu kukagua dohani ambayo haikuwa na shida yoyote, na tukaongea mimi na yeye, habari za mvua, habari za watoto, mpaka jua linishinde. Majirani walidhani dohani ile ni mbovu, na nadhani ilinikosesha wateja wa huko.

Aliaga dunia miaka mitatu iliyopita. Shemeji yangu na mkewe Ndunge ndio wanaoishi pale sasa, na mbegu ni zile zile.

Tangu kazi ile, kila mahali nilipojenga meko ya kupikia, niliacha jiwe moja bila simiti iwapo mama wa nyumba anatundika mbegu. Yeye ndiye aliyechagua jiwe, kwa majivu. Mnapokuta ukuta wangu mzuri wenye jiwe linalocheza, msinionee huruma kwamba nilizeeka.

Juzi Mwende alimpigia Ndunge kumuuliza kwa nini hakumzuia fundi.

"Niliona aibu kumkataza mtu wa watu," Ndunge akasema. "Nilifikiri ni mzee ameagiza."

Sasa, Mutinda. Mahindi ya Februari yako juu ya uchaga yanangoja moshi ambao haufiki. Rudi Kivaa Jumamosi hii. Jiwe la mwaitu usiliguse. Umelifunga vizuri na libaki limefungwa, mwenyewe hayupo wa kulitoa. Ndunge ni mrefu kuliko yeye kwa kichwa kizima. Mwambie achovye kiganja kwenye majivu abandike pale mkono wake unapofika, uanzie hapo. Bati liko mahali pake, utalisogeza juu kidogo.

Lakini siku hiyo ya kwanza usitoe tindo kwenye mfuko. Omba kigoda, ukae kwenye kona mpaka ugali uive. Wewe si mkwe pale, huna kisingizio.